Pipa Lililogonga Mara Tatu

Watu wa Kapsoit wana maneno mengi, na mengi ni ya bure, lakini hili la Sellah nitalisema jinsi lilivyokuwa. Asiyetaka kuamini aende akaangalie migomba iliyo nyuma ya nyumba yake. Mpaka leo ina nta.

Sellah ni mjane wa miaka hamsini na minane. Alitoka Nyamira akiwa msichana, akachuma chai kwa zaidi ya miaka ishirini katika shamba moja upande wa Boito, mpaka siku mashine za kuchuma zilipoletwa na watu wa mikono wakaambiwa asante, nendeni. Mumewe, Mogaka, alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha shamba hilohilo. Boila ndiyo ile inayokula kuni mchana na usiku ili kutoa mvuke wa kukaushia majani. Humo ndani feni zinanguruma, ukimwita mwenzako anaona tu mdomo wako ukicheza. Kwa hiyo watu wa boila walizungumza kwa kugonga bomba na spana. Mara tatu maana yake: niko hapa, na wewe uko? Mara mbili: niko. Na ukisikia kugonga kusikokatika, huulizi swali, unatupa ulichoshika na kutimua mbio nje.

Lugha hiyo Mogaka aliileta nyumbani. Hakuwahi kupiga hodi kama watu wengine. Alifika mlangoni, akagonga mbao mara tatu kwa spana, na Sellah huko jikoni akajibu kwa mwiko juu ya sufuria, mara mbili. Miaka thelathini na moja ilikuwa hivyo. Hata zile wiki walizonuniana (na walikuwa wakinuniana kweli, wote wawili vichwa vigumu) mwiko ulijibu.

Walipoacha kazi walinunua kipande cha shamba Kapsoit, na Sellah akaanza kutengeneza mishumaa. Aliyeyusha nta kwa sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maana nta haiwekwi juu ya moto wenyewe. Ikizidi joto inashika moto na kukuchoma macho. Kwa siku nzima alipata mishumaa michache tu. Mogaka alimtazama wiki moja, akacheka, halafu akaenda kutafuta vyuma chakavu.

Alichotengeneza kilikuwa pipa ndani ya pipa. La ndani lilibeba nta, kilo thelathini kwa mara moja. Kati ya yote mawili kulikuwa na maji, na juu alichomelea kote, akaacha kamrija kamoja tu ka kutoa mvuke. Kamrija hako alikaita pua. Kila siku kabla ya kuwasha kuni alichukua waya uliotundikwa kwenye msumari karibu na mlango, akaupitisha puani mara kadhaa. "Hata wewe huwezi kula kama pua imeziba," alimwambia Sellah. Chini kulikuwa na koki ya kutolea nta, iliyotoka kwenye boila iliyozeeka. Pipa lilikuwa na sura mbaya kama dhambi, lakini lilifanya kazi.

Halafu kifua kikamshika Mogaka, kile kifua cha watu waliopumua moshi maisha yao yote. Akafa mwezi wa saba, akapelekwa kwao Nyamira, akazikwa mbele ya nyumba ya baba yake.

Siku Sellah aliporudi Kapsoit na kuwasha pipa kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, ilikuwa mchana mweupe, saa nane hivi. Maji yalipoanza kupata moto, pipa likagonga. Mara tatu. Likanyamaza.

Alisimama na mwiko mkononi. Nywele zilimsimama, hilo hakuficha alipolisimulia baadaye. Lakini mkono wenyewe ulikuwa umeshazoea. Uligonga mdomo wa pipa mara mbili kabla kichwa hakijakubali. Na hapo, nakuambia, mama huyo aliketi juu ya kigogo akalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo kila alipoyeyusha nta pipa liligonga, naye akajibu. Jirani yake, Cherotich, alikuja siku moja kuomba moto, akasikia. Akageuka kutazama mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Mama Velma, nani anagonga?"

"Ni chuma tu kinapata moto."

Cherotich aliangalia pipa, akamwangalia na Sellah aliyekuwa akitabasamu, akaondoka bila moto. Kuanzia siku hiyo alikuwa akija asubuhi tu.

Aliyekuja kuvuruga mambo ni Velma, binti yao, anayefanya kazi maabara kule chuo kikuu cha Kabianga. Parokia ilikuwa imeagiza mishumaa mia sita ya Pasaka, na Velma alichukua likizo kuja kusaidia, mtoto wake Kemuma akiwa mgongoni. Alilizunguka pipa mara moja tu, akashika kiuno.

"Mama, hii kitu ni bomu. Umefungia maji ndani ya chuma na ukayawashia moto, na yanapumulia kamrija ka kidole."

"Baba yako alitengeneza."

"Najua alitengeneza. Na alikuwa analichunga kila dakika. Wewe ni fundi wa boila?"

Sellah aliliangalia pipa. Angesema nini? Kwamba akiliondoa lile pipa atakuwa mjane mara ya pili? Kwamba kaburi liko Nyamira, na picha iko ukutani, lakini Mogaka mwenyewe yuko ndani ya lile pipa saa nane mchana? Binti wa maabara angempeleka hospitali ya vichwa. Alifunga kitambaa kichwani, wakaenda kwa Owiti kuangalia vyombo.

Owiti ana kibanda Kapsoit, ananunua vitu vya hoteli zilizofungwa na kuvitengeneza. Aliwatolea masufuria mawili makubwa ya matanga, moja likiingia ndani ya jingine. Velma akakataa: maji yakikauka hujui, na nta inaungua. Owiti akatoa mtungi wa chai wa umeme wenye koki. Velma akachungulia ndani, akaona waya wa moto umelala wazi pale chini.

"Huu ni wa maji. Nta ikigusa waya huo inaungua, inakuwa kahawia na kunuka."

"Huyu dada ni polisi," Owiti alisema. "Ngoja basi."

Akaburuta mtungi wa tatu, wenye koki pia, wa chuma kisichoshika kutu, kuta mbili, maji katikati, waya umefichwa, na kitasa cha kuchagua joto. Juu ulikuwa na mfuniko wa kuachilia tu, hata mvuke ukizidi unauinua wenyewe. Velma aliufungua, akaupima, akauliza maswali mpaka Owiti akatokwa jasho.

Sellah alikuwa akifanya upimaji wake mwenyewe. Kila chombo alikigonga kwa kifundo cha kidole, akainama, akategea sikio.

"Mama anajua chuma!" Owiti alimsifu. "Anasikiliza unene."

Sellah alikuwa akisikiliza kama kuna mtu. Masufuria yalilia ovyo na kunyamaza. Ule mtungi wa tatu ulitoa sauti ya kugonga kiazi. Hakukuwa na mtu.

Waliununua huohuo. Wiki hiyohiyo Sellah akaitwa Nyamira kwa ibada ya ukumbusho wa Mogaka, akakaa huko siku kumi na tano. Aliporudi, mtungi ulikuwa ndani ya nyumba, umeng'arishwa, unamsubiri. Akauangalia kama mtu anavyomwangalia mke mwenza.

"Mishumaa mia tatu ya kwanza nitayeyusha kwa pipa," alimwambia Velma. "Mara ya mwisho. Niache tu."

Velma alimwangalia mama yake usoni, akamwacha.

Ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye mashamba ya chai mpaka ukafunika ua, na kwa mbali ngurumo zilikuwa zikizunguka kama kawaida ya huku, ambako mvua ya mawe haiombi ruhusa. Jikoni, ambako ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, Velma alikaa kwenye kigogo akikata tambi za mishumaa. Kemuma, miezi tisa, alikaa kwenye mkeka na kijiko, akilipiga bakuli la bati kwa nguvu zake zote bila kupumzika, jinsi watoto wanavyopiga, mpaka Velma akamnyang'anya kijiko masikio yapate nafuu.

Sellah alijaza nta, akawasha kuni, akasimama na mwiko. Moyo ulimdunda kama wa msichana. Siku kumi na tano! Hakuwaza lingine lolote ila kwamba atamsikia, na kwamba baada ya leo hatamsikia tena.

Pipa lilianza kupata joto. Kuta zikatoa jasho. Halafu likagonga, moja, mbili, tatu. Likanyamaza.

Velma aliinua kichwa. "Ni nini hiyo?"

"Umesikia?"

"Mama, hiyo ni..." Uso wake ulipauka. Alilelewa katika nyumba ile. Alijua ile milio tangu akiwa tumboni. "Chuma hakihesabu, Mama. Chuma kinalia tu."

"Sasa ndiyo umeelewa," Sellah alisema, machozi yakimtoka, akagonga mara mbili. Niko.

Kwa kawaida mambo yaliishia hapo. Safari hii pipa liligonga tena. Mara tatu, halafu tatu nyingine juu yake, halafu likaanza kugonga bila kukatika, haraka haraka, mpaka vipande vya tambi vikaruka kwenye meza na Kemuma akaanza kulia. Sellah alibaki ameduwaa, mwiko umeinuliwa, akitabasamu bado. Alidhani mumewe anafurahi kumwona.

Halafu akakumbuka.

Woi! Aliutupa mwiko. Alimnyakua Kemuma kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akamshika Velma kwenye ukosi wa gauni, akawatoa mlangoni kama magunia. Walikimbia wakakipita choo, wakaipita migomba, wakaanguka nyuma ya ua wa miiba wa Cherotich. Kugonga kulikuwa bado kunawafuata nyuma yao, kwa hasira. Kisha kukaacha.

Kibanda kilipaa. Hilo si neno la kupamba, kilipaa. Mabati mawili yalishuka kwenye shamba la mtu mwingine. Mlio ulifika mpaka barabarani. Nta ya moto ilirushwa juu ikaganda hewani na kuanguka nyeupe juu ya migomba, juu ya majani ya chai, juu ya kanga zilizoanikwa. Dakika chache baadaye mvua ya mawe ikashuka juu yake, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni barafu na ipi ni mshumaa. Wote watatu walilala pale chini, wazima. Kemuma alikuwa ameacha kulia, anatazama jikoni.

Siku ya pili Owiti alikuja kuokota vyuma. Alikuta kile kipande chenye pua, akakigonga kwenye jiwe, likatoka donge la udongo. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake mle ndani wakati Sellah yuko Nyamira. Waya wenyewe waliupata uani, umepinda. Sellah aliuchukua, akaenda kuketi nao nyuma ya nyumba. Alikuwa amewasha moto bila kuupitisha. Miaka yote mume alimwambia jambo moja tu kuhusu pipa lile, na siku hiyo alilisahau kwa sababu alikuwa na haraka ya kumsikia.

Parokia haikujua habari ya nyigu; ilitaka mishumaa. Jumatatu walipanga kila kitu ndani ya nyumba, wakauchomeka mtungi wa Owiti. Velma aligeuza kitasa. Nta ililainika taratibu, ikawa maji safi, bila moshi, bila jasho. Na bila sauti. Saa nane ikafika, ikapita.

Sellah alisimama mbele ya mtungi na mwiko mpya. Uchungu ulimpanda. Alipomzika Mogaka kule Nyamira hakuusikia hivi, maana aliporudi alimkuta hapa. Sasa nyumba ilikuwa kimya kabisa, na ukimya huo alikuwa ameuleta yeye mwenyewe kwa uzembe wake. Katika miaka yote thelathini na moja hakuwahi kuanza yeye. Kazi yake ilikuwa kujibu. Aliinua mwiko, akagonga ubavu wa mtungi mara tatu. Niko hapa, na wewe uko?

Mtungi ulinyamaza, ukazidi kunyamaza.

Kwenye mkeka, Kemuma alikuwa na kijiko na lile bakuli lake la bati, lililookotwa shambani likiwa na nta ukingoni. Aliligonga. Mara moja, na mara ya pili. Kisha akakiweka kijiko chini taratibu, kando ya bakuli, na kumwangalia nyanya yake bila kupepesa.

Mkasi wa Velma ulisimama katikati ya utambi. Alisubiri, jinsi unavyosubiri mtoto aendelee na fujo. Mtoto hakuendelea.

"Mama," alisema polepole, "wewe ndiye umemfundisha?"

Sellah aliweka mwiko chini. Alifuta macho kwa ncha ya leso, akachukua ule waya uliopinda, akaunyoosha kwa vidole, akaupitisha ndani ya koki ya mtungi mpaka akahakikisha haijaziba. Ndipo akaifungua.