Taa ya machungwa kwenye ekran

Mimi ndiye fundi wa ordinateur, yaani kompyuta, mu biro, ofisi yetu, na sijui nitaingiaje kazini kesho.

Masasi ya bunduki yalipotulia mu Bukavu, tulirudi kazini. Niliwasha ekran, kioo cha ordinateur, taa yake ikabaki rangi ya machungwa. Maana yake ekran iko na umeme, lakini mashine haiipelekei picha. Nikakaza kable, ule waya wa nyuma ya ekran, nikapuliza vumbi. Ile ile. Nilichanganyikiwa kabisa.

Mashine yenyewe hukaa chini ya meza, nyuma ya kitambaa. Sikuinama. Fundi anasoma taa.

Nikaita wenzangu wote: «Mashine imeungua. Tununue ingine.»

Maman Directrice, mukubwa wetu, akanitazama polepole. «Papa Déo, imeungua namna gani? Niliificha nyumbani kwangu Nguba, chini ya kitanda, wezi wasiiibe.»

Nikainua kitambaa. Mahali pa mashine, kable ilikuwa inaning'inia juu ya viatu vya Maman.