Nilimwona kwa Macho Yangu

Nakumbuka siku moja ya salongo, mwanangu, tukifyeka majani ya barabara kwa amri ya chama, nilipofungua mdomo huu nikamharibu mtu. Wiki mbili kabla, tonton wangu, mdogo wa baba, alikuwa amekamatwa. Nani alimuuza? Tulilala na swali hilo, tukaamka nalo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na siku zile nyoka walikuwapo kweli.

Nikamshuku Papa Amisi, fundi wa redio, mtu wa Maniema, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Ule waya juu ya paa lake wa nini? Akitusalimia, nilisema anatupeleleza, akinyamaza, anaficha. Halafu nikamwona kwa macho yangu akiingia kambi ya askari alikofungwa tonton, kifurushi kwapani. Mara mbili! Nikasema ni karatasi za majina yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia watu pale salongo, panga mkononi, nikijiona mwerevu. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Sasa huyu mutu afanye nini, ndio useme hana makosa?" Bon, nikaanza kumshuku hata mama.

Watu wakaacha kumpelekea redio. Mwezi haukuisha, akapanda lori la kwenda Bafwasende na mke na watoto wanne.

Tonton alipoachiwa, amekonda, hata hajakaa akauliza fundi yuko wapi.

"Chama nilikitukana mwenyewe kwenye bia, watu wote wakisikia," alisema. "Na ni fundi peke yake aliniletea chakula kule kambini, lituma ya ndizi ndani ya kifurushi, mara mbili. Ninyi mulikuwa wapi?"

Tulikuwa nyumbani, mwanangu. Lango la ile kambi tuliogopa hata kulipita. Woga wetu ulitafuta mtu wa kuubeba, tukamtwisha jirani. Miaka mingi niliwauliza madereva wa Bafwasende habari zake. Sijampata mpaka leo, na ninaona haya.

Sikuambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe siamini. Ila siku moyo wako utakapofurahi kumpata adui upesi, ushuku huo moyo kwanza. Jiulize swali la mama yangu, na ukikosa jibu, funga mdomo. Mungu akupe jirani kama yule fundi, akupe na macho ya kumtambua kabla hajapanda lori.