Kaseti Zilizovaa Kitenge cha Shangazi

Kitenge cha shangazi nilikikata mimi. Miaka miwili nilikana mbele ya ukoo, na mbele ya padri nikanyamaza, ambako ni kukana kwa adabu. Sasa nasema. Na nitakayosimulia yalinitokea mchana, nikiwa na akili zangu zote, hizo chache ambazo chuo kikuu kiliniachia.

Shangazi alifia kwangu, Mjimwema. Nguo zake zikafungwa mfukoni kusubiri siku ya kumaliza msiba, ukoo ukae ugawane. Kabla ya hapo mfuko haufunguliwi. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo, mimi pia. Lakini mimi nilikuwa msanii, si unaelewa?

Sanaa yenyewe ilikuwa kelele. Usicheke. Nilirekodi mashine ya kusaga, bati likikwaruzwa kwa msumari, redio iliyokosa stesheni, nikavichanganya na kuvitia kwenye kaseti. Wapo watu wanaosikiliza vitu hivyo, niamini, na wanataka kila kaseti ikae kwenye kifuko kilichoshonwa kwa mkono. Vitambaa vya dukani niliviona vipya mno. Basi siku moja, wenzangu wakiwa kanisani, nikafungua mfuko wa marehemu.

Nilichokata ndicho kitenge ambacho shangazi alimwahidi binti yake, Skola. Siku ya kugawana hakikuonekana, na aliyefunga mfuko ni Skola mwenyewe.

"Mwizi wa mama yake mzazi!" mama mdogo mmoja akafoka.

Skola akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kesho yake akaenda zake Mbinga, na nyumbani hakukanyaga tena, hata kwenye harusi za ndugu.

Vipande nilivificha hadi mwaka huu, nikidhani yamepoa. Alasiri moja nilikuwa barazani nashona, mwanamke akabisha hodi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, simjui. Akaketi kabla sijamkaribisha.

"Nasikia unatengeneza kelele."

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Na watu wanazisikiliza?"

"Wachache."

"Mashine ya kusaga si ipo Lizaboni, watu wanaisikia bure?"

Nikacheka. Nikamvalisha spika za masikioni. Alisikiliza upande mzima wa kaseti akiwa amefumba macho, jambo ambalo hata mume wangu hajawahi kuliweza. Alipozivua akachukua sindano mkononi mwangu, akaendelea pale nilipoishia. Alishona kwa mkono wa kushoto, mishono midogo iliyolala, kisha akakata uzi kwa jino la pembeni. Mtu mmoja tu nimewahi kumwona akishona hivyo, na nilimzika.

"Skola siku hizi anakula na nani?" akauliza.

Ungejibu nini wewe? Hakungoja jibu. Akainuka, akashika njia ya Mshangano kama mtu anayewahi shamba. Nikamkimbilia jirani yangu, aliyekuwa akianika mahindi ng'ambo ya ua.

"Yule mwanamke umemwona anatokea wapi?"

"Mwanamke gani? Dada, tangu saa tisa unajibizana na kiti. Hizo kelele zako zitakumaliza."

Lakini kifuko kilikuwa pale, nusu kwa mkono wangu, nusu kwa mishono iliyolala.

Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Naanza kupika naacha, naanza kuandika naacha. Mashine ya kusaga ikiwaka mtaa wa pili natoka nje, sijui nafuata nini. Kwa hiyo nisikilize: nguo ya marehemu usiiguse kabla ndugu hawajakaa. Na ukiigusa, usimwache mwingine abebe jina lako.

Utasema nilisinzia. Hata mimi nilijiambia hivyo alasiri ile ile, kwa muda wa kama dakika kumi, nikizunguka ua huku kifuko kiko mkononi. Ndipo simu ikaita. Ilikuwa Skola, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kunipigia.

"Dada, shikamoo. Mama ametoka hapa sasa hivi."

"Mama yupi, Skola?"

"Mama. Kijana kabisa, kama kwenye picha ya harusi yake." Hakuwa akilia. "Ameniachia swali nikuulize wewe. Jumapili ukoo ukikutana kwenye misa ya kumwombea, utasema wewe, au aje aseme mwenyewe?"