Ukuta wa Kioo Cheusi

Mume wangu alikuwa mwashi, na miaka ile baada ya Mapinduzi hakuna aliyejenga Mji Mkongwe. Nyumba zilikuwa zikibomoka tu. Mikono yake haikutulia. Siku moja jirani yetu, kuli wa bandarini Malindi, akamletea kipande cha kioo cheusi kutoka bara, kwenye mlima uliowahi kutapika moto. Basi tena! Kutwa anakigeuzageuza na kunipangia majengo: birika la kuogea la kioo kitupu, ngazi, mpaka mnara wa msikiti.

"Chokaa yenyewe hatuna, wewe wataka mnara wa kioo!" nikamwambia. "Nenda kasimame foleni ya mchele."

Jioni akaihamishia mipango yake barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikipika kahawa, nawasikia wenzake wanavyomcheka. Yule kuli akasema katika birika hilo yeye atafuga papa.

"Basi tujenge ukuta mmoja tu, hapo mkabala wetu," akasema mume wangu. "Kioo hiki kinaonesha sura. Tukikaa hapa tutamwona anayekuja pale konani kabla hajasikia tunazungumza nini."

Kicheko kikakatika; siku zile neno moja la barazani lilitosha mtu kuchukuliwa usiku. Nikasikia kikombe kinawekwa chini, mtu akaaga, kisha mwengine, wote wana haraka. Mume wangu akaingia ndani na kipande chake mkononi.

"Kwani nimesema nini mie?"

Nikafunga mlango kwanza, ndipo nikamwambia apunguze sauti.