Mkeka Uliosubiri Upindo

Mwanangu, kuna jioni moja ya mvua za kwanza ambayo haijanitoka kichwani, na nikiwa peke yangu jikoni bado hunijia. Sogea hapa, weka hiyo simu kando kidogo, nikusimulie. Mimi si mtu wa maneno mengi. Wajukuu zangu watakuambia vinginevyo, lakini hao usiwasikilize.

Wakati ule nilikuwa msichana mkubwa, vijana wameshaanza kupita mbele ya nyumba yetu wakijifanya wamepotea njia. Kwetu ni mji wa Baraka, karibu na ziwa. Vita vilipoingia mjini tulikimbia kama watu wengine, tukapanda milima kuelekea upande wa Fizi, tukaiacha barabara kwa kuogopa askari, na mwisho tukapokelewa bondeni na mzee mmoja mwenye shamba la mihogo. Alitupa kibanda cha udongo chenye paa la nyasi, akatuambia tukae mpaka dunia itulie. Mungu amrehemu popote alipo. Tulikuwa mama yetu, mimi, na dada yangu mkubwa, Yaya Apendeki.

Lakini hatukuondoka Baraka tukiwa watatu tu. Yaya alikuwa na mtoto wa kiume, Wilondja, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Homa ilimshika tukiwa njiani mlimani, mahali pasipo na dispensari wala mtu wa kumwuliza dawa. Tulimzika kando ya njia, tukaendelea kutembea kwa sababu walio nyuma yetu walikuwa wanatuhimiza. Mumewe Yaya alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi kabla ya vita, na habari zake hatukuzipata mpaka mambo yalipotulia.

Na Yaya alikuwa na mimba kubwa. Hapo ndipo ilipokuwa hofu yetu. Tangu tuliache kaburi lile hakulia, hakugombana na mtu, hakuuliza kitu. Alikaa tu mlangoni ameegemea nguzo. Ukimpa bugali alimega kidogo, ukimpa maji alikunywa. Siku moja Mama alimwambia taratibu kwamba siku zake zinakaribia, inafaa watafute vitambaa vya mtoto. Yaya akajibu bila kupandisha sauti:

"Mi sitamupokea uyu mutoto. Mutamupokea nyiye."

Kule porini hatukuwa na maziwa ya kununua, wala jirani anayenyonyesha. Mtoto ambaye mama yake hamtaki angeishi vipi? Nilimtazama Mama nikitegemea atamkaripia au atamwombea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua panga, akaniambia nimfuate tukakate ukindu.

Sasa lazima nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnazaliwa hospitali juu ya shuka la plastiki. Katika ukoo wetu mtoto mchanga alilazwa kwanza juu ya mkeka mpya. Hata ungekuwa na kitenge kizuri kiasi gani, kingesubiri. Mkeka huo husukwa na wanawake wa nyumba, kila mmoja anatia mkono wake, hata shangazi aliyekuja kusalimia tu atakalishwa chini asuke kidogo. Ukisukwa mpaka mwisho, ncha za ukindu hubaki zimejitokeza upande mmoja. Zinatakiwa kukunjwa na kurudishwa ndani ya msuko, moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ndiyo upindo. Upindo haufungwi na mtu mwingine yeyote ila yule anayekwenda kuzaa. Akishaufunga, watu wanajua kwamba amemkaribisha mgeni wake.

Kwa hiyo nilimwona Mama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kulikuwa na vita. Tulikuwa tunasikia mizinga kwa mbali upande wa ziwa. Chumvi ilikuwa imekwisha. Na yeye anakata makuti machanga ya ukindu bondeni huku anachagua, hili limekomaa mno, hili lina doa, kama mtu anayenunua kitambaa cha harusi. Nilinung'unika njia nzima. Mama alinibebesha mzigo mkubwa zaidi, nadhani ili nikose pumzi ya kunung'unikia.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Milima yote ilikuwa imechomwa moto, myeusi, na hewa imejaa moshi na vumbi hata ukipanda juu kabisa huoni ziwa wala chochote. Tulianika ukindu, tukauchana, mwingine tukauzika kwenye tope jeusi la mtoni mpaka ukashika rangi. Kisha tukakaa uani tukasuka. Mama alikuwa na vidole vyembamba vyenye haraka, na alipenda kusuka huku anasema mabaya ya watu kwa upole. Mke wa mwenye shamba alikuja, akasuka upande wake, akacheka na Mama. Yaya alikuwa mlangoni, hatua chache kutoka tulipokaa, hatazami. Na ujue kwamba yeye ndiye aliyekuwa msukaji kuliko sisi wote. Pale Baraka watu walileta ukindu wao kwake.

Halafu mvua ikaja.

Sijui nikuambie vipi. Umeona mvua nyingi, lakini labda hujawahi kuingoja ukiwa umepoteza kila kitu. Kwanza upepo wa baridi ulishuka mlimani, ukaleta harufu ya udongo uliolowa kabla hatujaona hata tone. Kisha ikamwagika. Sisi tulisimama chini ya paa linalovuja, na mimi, niliyekuwa nimekasirika miezi mizima, nilijikuta nanyoosha mikono nje kama mtoto. Ilipokatika, hewa ilikuwa imeoshwa. Nilipanda juu ya kilima, na huko nikaliona ziwa lote, la buluu kabisa, na ng'ambo yake mlima wa Ubwari umesimama wazi kiasi cha kudhani ningeweza kuhesabu miti yake. Kumbe vilikuwa pale wakati wote.

Siku zilizofuata kila asubuhi ilikuwa na jambo lake. Kwenye majivu yale meusi yalichomoza maua mekundu ya duara, hayana hata jani, yanatoka tu ardhini kama yametumwa. Nyasi zikaota, milima ikawa kijani kichanga kinachoumiza macho. Vyura wakaanza kelele zao mtoni. Uyoga ukatokea chini ya miti, na mke wa mwenye shamba akatufundisha upi wa kula na upi wa kuacha. Tulipanda mahindi na maharage aliyotugawia. Niliogopa kufurahi, mwanangu, nakuambia kweli. Nilikuwa namtazama dada yangu nikiona aibu kwamba moyo wangu unaruka.

Mkeka ukafika mwisho. Mama aliutandika mlangoni, pale pale Yaya alipokuwa anakaa, ncha zimesimama upande mzima, akaendelea na shughuli zake. Siku ikapita. Nyingine ikapita. Yaya alikaa juu yake kama anavyokaa juu ya udongo. Tumbo lilikuwa limeshuka, hata mimi nisiyejua mambo hayo niliona. Nikashindwa kuvumilia. Nikaona, kama yeye hawezi, mimi nitafunga upindo huu, mtoto apate mahali pa kulala, mambo yaishe. Nilikuwa nampenda dada yangu na nilitaka kumwondolea mzigo. Yaya alipokwenda mtoni kuoga nilikaa chini, nikashika ncha ya kwanza.

Mama alinishika mkono. Hakunipiga, ingawa hakuwa mvivu wa kupiga.

"Wacha. Iyo nafasi haiko yako."

Nikamwambia kwamba Yaya hataufunga, Mama mwenyewe anamwona, na mtoto yuko karibu. Nikasema kwamba ni ukindu tu. Mama alikaa kando yangu, akaupapasa mkeka kwa kiganja, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye pia alikuwa amemzika mjukuu.

"Ukiimaliza weye, atarudilia wapi? Mutu akipotea, unamuachia mulango wazi. Unafanya yako yote, lakini iyi moya unamuachia."

Nikainuka. Sikumwelewa vizuri, nilitii tu, na nilikuwa na hasira ya mtu anayetii tu.

Siku ile ile mvua kubwa ilinyesha mchana, ikakoma, na jua la jioni likatoka chini ya mawingu. Mbele ya kibanda chetu kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho nilizoea kuanikia nguo. Nikasikia watoto wa mwenye shamba wanapiga kelele. Nilipotazama, kichuguu kilikuwa kinafuka. Nilidhani ni moshi. Walikuwa ni kumbikumbi.

Walitoka kwenye kila tundu, wakisukumana, wakaruka. Si kile kichuguu kimoja. Bondeni kote, shambani, mtoni, kila kichuguu kilifunguka kwa wakati mmoja, na hewa yote kati yetu na mlima ikajaa mabawa, jua linapita ndani yake, kila bawa linang'aa. Ndege walishuka kutoka kila upande. Watoto walikimbia midomo wazi. Mke wa mwenye shamba alileta beseni la maji, Mama akavua kitambaa cha kichwa akawa anawakinga nacho, mama yangu mtu mzima, anaruka na kucheka. Nani aliwaambia wale wadudu kwamba ni leo? Wamekaa gizani kiangazi chote, hawajaona wingu, na wote wakasikia pamoja. Nilisimama katikati yao, wananigonga usoni na kwenye nywele, nikalia. Nililia kwa sababu dunia ilikuwa nzuri na haikutuomba ruhusa. Sijawahi kumsogelea Mungu kuliko jioni ile, na kanisani nimekwenda sana.

Unajua kumbikumbi akishatua huangusha mabawa. Yalianza kudondoka kila mahali, mepesi, yakafunika ua, yakafunika mlango. Nikageuka kumtazama Yaya.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka, na mabawa yalikuwa yamenasa kwenye zile ncha zilizo wazi, upande mzima umejaa. Alikuwa anayatazama. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa bawa moja kati ya ncha mbili, akalipuliza. Akachomoa jingine. Msukaji hawezi kuona uchafu kwenye ukindu akauacha, hata awe na huzuni ya namna gani. Alifuata ncha moja baada ya nyingine, anasafisha, na nilimwona anaposafisha ncha anaishika kidogo zaidi kuliko inavyohitajika. Halafu akaikunja. Vidole vyake viliirudisha ndani ya msuko vyenyewe, kwa ule ufundi wake wa Baraka, akavuta, ikakaza. Akashika inayofuata.

Nilitaka kumwita Mama kwa sauti. Mama alikuwa ameshaona. Alisimama na kile kitambaa mkononi, kumbikumbi wanamtembea begani, hasogei. Tulibaki hivyo sote wawili, tunaogopa hata kukohoa. Yaya alipofika katikati ya upindo mabega yake yalianza kutikisika. Alilia, mwanangu. Alilia kwa sauti, akataja jina la Wilondja, mara nyingi, na mikono haikuacha kusuka. Mama hapo ndipo alipokwenda kukaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani, akamwacha aendelee.

Alipofunga ncha ya mwisho jua lilikuwa limezama. Tulikaanga kumbikumbi kwenye chungu bila chumvi, na Yaya alikula, akaomba tena. Akaniuliza kwa nini upande niliousuka mimi umelegea hivyo, nani alinifundisha. Sijawahi kufurahi kutukanwa kama siku ile.

Mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, asubuhi, wa kike. Mama alimlaza juu ya mkeka, akamgeukia Yaya, akangoja. Yaya alimchukua mwenyewe. Alimtazama muda mrefu, akasema anaitwa Neema, akamnyonyesha. Miezi iliyofuata tulikimbia tena, zaidi ya mara moja, na mengine mabaya tuliyaona ambayo sitakusimulia leo. Neema aliishi. Sasa ana watoto wake, na ana mdomo mrefu kuliko wangu.

Basi nikuambie neno lililonifanya nikuite. Utaishi na watu waliovunjika. Nchi yetu hii imetuvunja wengi, na wewe mwenyewe unaweza kuwa mmoja wao. Ukimwona wa kwako amekaa kimya, usimshurutishe kucheka, na usimfanyie kila kitu mpaka akose kilicho chake. Pika, panda, suka, fagia ua, endelea na kazi za msimu mbele ya macho yake, kisha umbakishie sehemu yake na uwe na subira. Itauma kuiona imebaki wazi. Iache wazi. Na mvua za kwanza zikija, toka nje uzitazame, hata kama una msiba, hata kama una hasira, hata kama mizinga inalia. Furaha hiyo si kuwasaliti waliokufa. Mimi nilichelewa kulijua hilo, nikawa naficha moyo wangu kama mwizi.

Mungu akuonyeshe misimu mingi, mwanangu. Aibariki mikono yako, isikose kitu cha kutengeneza. Na siku ya huzuni yako, maana itafika, akuzungushie watu wanaojua kungoja.