Samli kwenye kompyuta ya Generoza

Generoza mwenye duka la steshenari pale Bariadi ana kinyaa ambacho ndugu wa mume walishakizoea. Chai hanywi mpaka anuse kikombe kwanza, na akisalimiwa mwangaluka na mtu anayetafuna, anaitikia akiangalia ukutani. Mungu naye ana utani, akampa Machibya kuwa mume.

Wiki mbili alikuwa msibani Nyalikungu, duka akamwachia huyo Machibya. Siku anarudi, mteja wa kwanza ni Veronica, binti wa Nyashimo, anataka kutuma maombi ya kazi ya uuguzi. Mwisho wa kupokea ni saa kumi jioni hiyo hiyo. Ikipita, asubiri mwaka mwingine, kama nafasi zitakuwepo. Generoza akakaa, akabonyeza herufi. Kimya. Kibodi haikuwasha hata kale kataa kake ka kijani. Akachomoa, akachomeka. Kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki.

Akampigia Januarius, fundi wa Maswa. Fundi akasema hiyo ni draiva, kile kiprogramu kinachoifanya kompyuta ielewane na kibodi. Aifute, awashe upya, itajirudisha yenyewe. Generoza akafuta kwa mausi, akawasha upya. Kompyuta ikaamka inadai neno la siri. Sasa neno la siri unaliandika na nini, kidole hewani? Saa nane imeshapita, na Veronica ameacha kukaa.

Bahati kwenye kona ya kioo kuna kialama ukikibonyeza kinaleta kibodi ya picha. Akadonoa herufi moja moja kwa mausi, akaingia. Kwa mwendo ule fomu ya kurasa sita ingeisha kesho kutwa, na kwenye orodha ya vifaa kibodi imewekewa alama ya njano ya kosa.

Ndipo akainama nyuma ya kompyuta auhamishie waya wa kibodi tundu jingine. Harufu ikampokea, kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa juani. Akamulika na simu. Matundu yamejaa kitu cha njano kilichoganda, kimevaa vumbi la pamba na nywele, na katikati umesimama mguu wa mende. Mguu tu. Mwenyewe hajulikani alipo.

"Baba Kija, hii nini?"

"Samli," akasema Machibya, amekaa mlangoni anachokonoa meno. "Ule waya wa kibodi ulikuwa unaingia kwa shida. Nikapaka matundu yote, nikaacha la mausi tu, lilikuwa na mtu."

Akaeleza kwa utulivu kwamba kwao komeo la zizi ni samli, gurudumu la mkokoteni samli, chuchu za ng'ombe samli, na hakuna kilichowahi kulalamika.

Generoza akainuka. Akazima, akachomoa umeme, akafunga pua na kanga, akazungushia pamba kwenye kijiti, akachovya spiriti, akaanza kuchimba. Kila kijiti kilitoka na uchafu wake. Kichwa cha waya alikisugua mara nne. Akawasha, akadonoa tena neno la siri, akaifuta tena draiva, akachomeka. Kale kataa ka kijani kakawaka.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili kioo kikaandika kwamba maombi yamepokelewa. Veronica akaketi sakafuni, akacheka peke yake.

"Si unaona, mama Kija," Machibya akasema, "sasa waya unaingia laini."

Akanyoosha mkono ampongeze. Generoza akautazama ule mkono, ukucha kwa ukucha, akaenda nyuma ya duka kutapika.