Herufi N ya Kaburi la Ihembe

Ukifika Ihembe, ukaingia kwenye kibanja cha Deogratias, chini ya migomba utaona msalaba wa saruji wenye herufi moja iliyobanwa katikati ya wenzake. Watu hucheka, wanasema fundi alikosea. Fundi ni mimi. Sikukosea, na haya ninayokuambia yalinipata asubuhi, nimeshakunywa chai, akili zangu timamu.

Deogratias alifiwa na mkewe, Adela, ambaye mimi sikuwahi kumwona. Akaja kwangu, kijijini Ndama, kuagiza msalaba. Kwa kuwa hata jina lake ni la Kilatini, maneno ya Kiswahili hakuyataka. "Andika kama kwenye kaburi la baba," aliniambia. Nikaenda, nikanakili: REQUIESCAT IN PACE, yaani apumzike kwa amani. Kilatini sikijui, ila mwandiko wangu nani asiyeujua?

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa uani kwangu nachora herufi kwenye saruji mbichi, nikainua macho, namwona mwanamke kasimama, mtoto mgongoni kafunikwa gubigubi kwa kitenge cha njano. Nikamsalimu. Hakuitikia. Niamini, huku kwetu mtu haachi salamu hata kama mmegombana.

"Kaka," akasema, "hapo ongeza N. Kabla ya T."

"Waitu, dada yangu, nimeagizwa hivi hivi."

"Hiyo ni ya mtu mmoja. Sema requiescant, wapumzike. Sisi tuko wawili."

Akabonyeza kidole kwenye saruji. Nilitaka kumfokea, kazi ilikuwa mbichi. Lakini kidole hakikuacha alama. Mwiko ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, na nilipoinuka palikuwa na ukungu tu. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mimi nilimaliza bila ile N, kwa sababu aliyeagiza ni Deogratias, si mpita njia.

Siku ya kuusimamisha, msalaba ulipasuka mbele ya macho yetu, taratibu. Ufa ulipita kati ya A na T. Hapo nikamweleza Deogratias yote. Nilipofika kwenye kitenge cha njano, akakaa chini.

"Ndicho tulichomzika nacho," alisema. "Na Kilatini alikijua, alikuwa kwenye kwaya ya parokia."

"Alizikwa peke yake?"

Nikaona vibaya kuendelea kusimama. Nikakaa naye.

"Mimba ilikuwa imetimia. Mtoto alifia tumboni, wakaenda pamoja. Nikakataza asitajwe. Niliona nikimtaja nitakuwa nimezika wawili."

"Lakini umezika wawili, Deo."

Akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Kisha nikachanganya saruji, nikaziba ule ufa, na juu yake nikaibana N. Deogratias akampa mtoto jina, akalitamka kwa sauti pale pale kaburini. Na ndipo kule kwenye migomba mtoto mchanga akalia mara moja, halafu akanyamaza, kama aliyepewa ziwa. Tuliangaliana. Alikuwa amesikia na yeye.

Ungedhani yaliishia hapo. Hata mimi nilidhani hivyo. Tangu siku ile, asubuhi ya ukungu sifanyi kazi peke yangu, na kila mteja namuuliza kwanza: waliozikwa ni wangapi? Wengine hukasirika, wanasema fundi gani huyu mchunguzi. Juzi juzi mama mmoja wa Kituntu alikuja kumwagizia binti yake msalaba. "Mmoja," akajibu, haraka mno. Nikaanza kuchora Kilatini kile kile. Nilipofika kwenye A, nyuma ya nyumba yangu mtoto akaanza kulia, kilio kile kile cha Ihembe, na kwangu hakuna mtoto. Nikaweka mwiko chini. Yule mama alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukija kwangu na msiba wako, niambie idadi ya kweli, hata kama ndugu zako hawaijui. Mimi unaweza kunidanganya. Adela humdanganyi.